Kamba ya Nguo na Mgongo wa Gita

Kila kijana anayekuja kwenye kibanda cha marehemu mume wangu kuniuliza vyuma vya kubania gita vinapatikana wapi, mimi humwonyesha kamba ya nguo uani. Wengi hucheka. Wanadhani huyu mama, tangu afiwe, akili zimeanza kumtoka. Hapana. Ninaonyesha vile vibanio vya mbao vilivyoshika mashati. Vyuma vyangu ndivyo vile.

Niwaambie mapema kwamba sikusoma sana. Masista walinifundisha kusoma, kuandika na kushona, kisha nikaolewa, nikafua nguo za watu hapa mjini tangu ulipokuwa bado unaitwa Albertville. Kazi ya gita iliniingia kwa mlango wa nyuma, nikaifanya mpaka vidole vilipokataa kukunjuka. Kwa hiyo nitawaambia yale niliyoyafanya kwa mikono yangu. Nisilolijua nitasema silijui. Mambo ya kupima shingo na kupanga vyuma vidogo vya noti, kwa mfano, muulizeni mtu mwingine. Mimi nilikuwa mtu wa kubandika.

Gita lina uso, lina mgongo, na katikati lina mbavu. Mbavu ni mbao nyembamba sana iliyopindwa kwa moto. Sasa jiulizeni: mgongo utakaa juu ya nini? Ukingo wa mbavu ni mwembamba kama ganda la yai. Ukipaka kole hapo, yaani gundi, inashika upana wa unywele tu. Ndiyo maana tunabandika ukanda wa mbao laini kwa ndani, kuzunguka ukingo wote, ili mgongo upate pa kukalia. Papa Tadeo, mume wangu, aliuita mukaba, yaani mshipi. Mukaba ukiwa mzima, gita linaimba. Ukiachia mahali pamoja, gita linanguruma kama mtu mwenye mafua.

Ugumu wa mukaba ni kwamba unazunguka. Haulali chini kama meza. Unaingia kiunoni, unatoka tumboni, na lazima ubanwe kila mahali kwa wakati mmoja, kabla kole haijapoa. Vyuma vitatu vinne havikusaidii kitu. Unahitaji vingi mno, tena vidogo.

Kabla ya Uhuru, Papa Tadeo alikuwa seremala wa mabehewa kwenye reli. Msimamizi wake alimwachia vyuma vya kubania siku za Jumamosi, naye alivirudisha Jumatatu vikiwa vimepakwa mafuta. Kisha yule msimamizi alipanda meli na familia yake, stoo ikafungwa, na vyuma vikabaki ndani au vikaenda, sijui. Papa Tadeo akabaki na mikono yake.

Alijaribu mawe ya ufukweni. Jiwe linasukuma chini, halisukumi pembeni. Alijaribu misumari midogo, ikapasua mbavu. Alijaribu mianzi iliyopasuliwa, unaichomeka midomo yake juu ya ukingo na inashika kwa nguvu zake yenyewe. Hiyo ilifaa kidogo, na mtu asiye na kitu kabisa anaweza kuanza nayo hata leo. Lakini mwanzi mmoja unabana kama koleo na mwenzake umelegea, na huwezi kujua upi ni upi mpaka kole imekauka.

Asubuhi moja nilitoka uani nikakuta nguo za watu zimelala matopeni. Suruali ya karani mmoja wa biro, ofisi ya bandari, ilikuwa inatembelewa na bata. Vibanio havikuwepo hata kimoja. Nikaenda kibandani. Papa Tadeo alikuwa ameinamia mbavu za gita, na ukingo wote umejaa vibanio vyangu, vimesimama kama meno ya mamba.

"Papa Tadeo! Nguo za watu ziko chini!"

"Usipige kelele, kole inasikia."

"Kole njo inasikia, mimi hunisikii?"

"Mama Odila, angalia kwanza. Angalia namna vinashika."

Niliangalia. Kweli vilishika, lakini kwa unyonge, kwa sababu waya wa kibanio umetengenezwa kwa ajili ya shati. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa hasira. Yeye akaenda kwenye kinga yake, ile baiskeli iliyokuwa imelala na pancha, akakata mpira wa ndani vipande vyembamba, akazungusha kila kipande kwenye mdomo wa kibanio, mara kadhaa, akafunga. Akakibana kidole changu nacho, kionje. Nilipiga kelele kwa kweli sasa.

Tangu siku hiyo nikawa na vibanio vya aina mbili, na vita vya nyumbani vya aina moja. Maana Papa Tadeo alivirudisha vya kubandikia kwenye kamba ya nguo, vikiwa na kole. Kole ya siku zile ilikuwa ya ngozi ya mbuzi. Mvua ikanyesha, kole ikalainika, jua likatoka, ikakauka, na shati la yule yule karani likabandikwa kwenye kibanio chake. Alikuja mwenyewe.

"Mama Odila, shati yangu iko na harufu ya mbuzi."

"Papa, ni hewa ya ziwa."

"Ziwa gani lenye mbuzi?"

Nikamwambia ukweli. Alicheka mpaka akakaa chini, na baadaye aliagiza gita.

Sasa sikilizeni namna ya kuvichagua. Chukua vya mbao, vyenye waya mnene. Vya plastiki vinavunjika. Ukitaka nguvu zaidi, toa waya, geuza vile vipande viwili ili migongo yao iangaliane, kisha rudisha waya. Mdomo unakuwa bapa, haumng'ati mtu wala mbao. Ndipo uzungushe mpira. Usiweke mpira mwingi kwa kujivuna. Kibanio kikibana kupita kiasi, kinakamua kole yote nje, unabaki na mbao mbili kavu zinazotazamana.

Halafu panga kwanza bila kole. Hili vijana hamlipendi. Weka mukaba mahali pake, bana vibanio vyote, zunguka na macho, uone mahali ambapo mwanga unapita. Ukiona mwanga, toa, rekebisha, rudia. Mimi na Papa Tadeo tulianzia kiunoni, mahali pa mpindo mkali, tukaenda kila mtu upande wake, mimi kushoto, yeye kulia, tukakutana mkiani. Mukaba wenyewe ulikatwa vimeno vimeno upande mmoja ili upindike. Mbao zilikaa karibu na moto zipate joto, kwa sababu kole ya ngozi ikigusa mbao baridi inaganda kabla hujasema lolote. Na chungu cha kole kinakaa ndani ya sufuria ya maji. Kole yenyewe ikichemka, imekufa, itupe.

Nimesema nitawaeleza niliyoyafanya. Basi lazima nifike kwa Kasimiri.

Kasimiri alikuwa mdogo wangu, tuliyefuatana. Alifanya kazi melini, njia ya Moba, na gita la kwanza ambalo Papa Tadeo alilitengeneza tangu mwanzo hadi mwisho lilikuwa lake. Alilipiga sitahani, akalipiga kwenye harusi, akalipiga hata pale ambapo hakuitwa. Masika moja homa ilimshika hukohuko Moba, na mwili ukaja nyumbani. Gita lilikuja nyuma, kwa mashua nyingine, juu ya magunia ya maharagwe ya Kirungu, bila turubai, kwenye mvua. Lilipofika, mgongo ulikuwa umeinuka nusu, na mukaba wa ndani umejikunja kama ganda la chungwa.

Kwa ukoo wetu, matanga yanapokwisha, mjomba anatandika mikeka miwili. Kwenye mmoja anaweka vitu vya marehemu vilivyo vizima, na hivyo vinagawiwa walio hai. Kwenye mwingine anaweka vilivyovunjika, na hivyo vinapelekwa kaburini, vinaachwa juu ya udongo, kwa mvua. Sahani yenye ufa, kiti chenye mguu mmoja pungufu. Kilichovunjika ni cha marehemu.

Mama yangu hakuwa mtu wa maneno. Alinishika mkono nyuma ya nyumba, akasema, "Odila, mutoto nimemuzika. Sauti yake siiziki. Mwambie bwana yako."

Alinituma mimi kwa sababu Papa Tadeo alikuwa mkwe wake, na mkwe hazungumzi na mama mkwe uso kwa uso. Nilienda. Papa Tadeo aligeuza lile gita mikononi, akalinusa ndani, akasema linaweza kupona. Mukaba mpya, kisha mgongo urudi. Siku zilikuwepo kabla matanga hayajaisha, ila zilikuwa za mvua.

Hapo ndipo likaja kosa la mawese. Vibanio vya safari iliyotangulia vilikuwa vimenata kwenye mukaba, ikabidi avipasue kwa patasi. Hakutaka hilo litokee kwenye gita la shemeji yake. Basi akaingia jikoni, akachukua mawese kwenye chupa, akapaka midomo ya vibanio vyote ili kole isivishike. Mimi nilikuwa na wanawake wa matanga. Niliporudi nilikuta mukaba umebanwa vizuri kabisa, na vibanio vyote vimekuwa vyekundu.

"Papa Tadeo, hii rangi ni nini?"

"Mawese kidogo."

"Mawese kwa mbao?"

"Kidogo tu, Mama Odila."

"Mimi ninafua nguo. Mawese haina kidogo."

Alitoa kibanio kimoja. Chini yake kulikuwa na doa jekundu limeingia kwenye mukaba, tena juu, pale pale ambapo mgongo ungekaa. Kole haishiki mafuta. Shati ungelitia majivu na sabuni na maji ya moto, likatoka. Mbao huwezi kuifua. Alikaa juu ya gogo. Kisha akachukua patasi, akautoa mukaba wote alioubandika, akaanza kukata mwingine.

Sikumlaumu siku ile, na leo hayupo, simlaumu. Ninawaambia ili msipake mafuta, wala mshumaa, wala sabuni. Sisi tulichokuja kutumia ni ganda kavu la mgomba. Unalikata vipande, unaweka kimoja kati ya kibanio na mukaba. Kole hailipendi ganda la mgomba, linabanduka lenyewe. Karatasi ya mfuko wa simenti ya Kabimba pia inafaa, lakini inanata kidogo, utalazimika kuisugua.

Mukaba wa pili ulishika. Vibanio vilipotoka nilipitisha kidole ndani kuzunguka yote, hapakuwa na pengo mahali popote. Lakini siku zilikuwa zimetukimbia. Mgongo tuliubandika usiku wa kuamkia siku ambayo mjomba alitarajiwa. Mgongo hauwezi kubanwa kwa vibanio vya nguo, mdomo wao haufiki. Papa Tadeo alikata mpira wa ndani wa kinga kwa mzunguko, kama mtu anayemenya chungwa bila kukata ganda, akapata kamba moja ndefu. Akaizungusha kwenye mwili wote wa gita, akivuta kila mzunguko, mpaka mbao hazikuonekana. Hiyo nayo iwekeni kichwani: mpira unabana sawasawa kila mahali, na haugharimu zaidi ya pancha.

Asubuhi mvua ilikuwa bado inanyesha. Mjomba Lukasi alifika na kofia yake imelowa, akatandika mikeka. Akaweka kisu cha Kasimiri kwa walio hai. Akaweka kikombe chake chenye ufa kwa kaburi. Kisha akaangalia huku na huku.

"Gita iko wapi?"

Nililileta mwenyewe. Watu walicheka kidogo, ingawa ilikuwa matanga.

"Mbona mumeifunga kama mutoto wa juzi?"

"Kole haiyakauka, mjomba."

"Mimi siulize kole. Ninauliza gita. Imepona ao imevunjika?"

Papa Tadeo alikuwa amesimama nje chini ya ukingo wa paa, kwa heshima ya mama. Nilimtazama. Alitikisa kichwa polepole: hajui. Kwa mvua ile, kole ya ngozi ingekuwa bado mbichi ndani. Mpira ukitolewa mapema, mgongo ungeinuka mbele ya watu wote, na gita lingehamia mkeka wa pili.

Mama mdogo Sabina alinisogelea sikioni. "Sema imepona. Nani atafungua? Sema tu, tumalize, watu warudi kwao."

Lilikuwa neno dogo, na mjomba asingefungua lile gita, hilo nina hakika. Mama yangu aliketi ukutani, ananiangalia, na sikuona usoni mwake anataka nijibu nini.

"Mjomba," nikasema, "haiyapona. Haijavunjika vilevile. Nikiifungua sasa, mgongo unaweza kuinuka. Nikiiacha, unaweza kushika. Sijui."

Mjomba aliangalia mkeka huu, akaangalia mkeka ule. Akalichukua gita na mpira wake, akalishika juu ya mmoja, akalishika juu ya mwingine, kama mtu mwenye mzigo asiyeonyeshwa mahali pa kuutua. Mwishowe akanirudishia.

"Kitu chenye hakijapona, na hakijavunjika, sina mukeka yake. Basi matanga haiyaisha. Kaeni."

Mama mdogo Sabina alipiga makofi. "Eh! Tangu lini kifo kinangojea kole? Unga umeisha, ndagala zimeisha. Tukule mpira wa kinga?"

"Utaanza weye," mjomba akamwambia, "una meno."

Watu walicheka, wakalalamika, wakakaa. Hivyo ndivyo matanga ya mdogo wangu yalivyoongezwa kwa sababu ya kole. Wanaume walishuka ziwani kutafuta ndagala, dagaa wa kwetu. Majirani walileta muhogo. Nililiweka gita karibu na mafiga, mbali kidogo, mahali ambapo mkono wangu ungeweza kukaa bila kuungua. Hicho ndicho kipimo, sina kingine: pasipokuunguza mkono hapataunguza mbao. Nililigeuza kila mara kama mtu anayeoka mkate. Wanawake waliimba, na mimi sikuimba wala sikulia. Tangu mwili ufike sikuwa nimelia, kila siku kulikuwa na kitu cha kubana.

Kesho yake mvua ilikatika na jua likatoka kali. Tuliliacha gita lipate joto la uani mpaka kivuli cha nyumba kilipolifikia. Mjomba akaita watu.

Mama yangu alisema atafungua yeye. Aliketi chini, akalilaza mapajani, akatafuta mwisho wa mpira. Ulianza kutoka, mzunguko baada ya mzunguko, ukilia kwa sauti ndogo kila unapoachia mbao. Papa Tadeo aligeuka akatazama ukuta. Mbavu zikaonekana. Kiuno kikaonekana. Mpira wa mwisho ulikuwa kwenye tumbo, pale mgongo ulipokuwa umeinuka zaidi, na mama akausimamisha hapo kwanza, kidole kikiwa juu ya mgongo. Kisha akauvuta.

Mgongo ulibaki ulipo.

Mama alikunja kidole, akaugonga mgongo katikati, mara moja, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani. Likaitika, sauti nzito, safi, isiyo na mngurumo.

Mjomba Lukasi alilichukua, akaliweka kwenye mkeka wa walio hai, karibu na kisu.

"Sasa leteni nguo zake," akasema, "tugawe."

Niliinuka niende kuzileta, maana mimi ndiye niliyezifua. Mama akanishika kanga, akanivuta nikae kando yake.

"Acha wengine walete," akasema. "Kazi yako imeisha, Odila. Lia sasa."

Nikalia.